Lifungueni Tangi Kwanza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata ninapojitahidi kuisahau. Lori la ami yangu lilikuwa limezimika katika barabara ya Habaswein, limebeba unga na sukari ya wenye maduka. Ami yangu Nuur, ambaye kwa kuwa ni ndugu wa baba tulimwita Adeer, alikuwa amesimama kando ya tangi la mafuta akilipiga kwa kiganja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo mwenyewe amejificha ndani.

"Dubow," alimwambia dereva wake, "mafuta yangu yako wapi?"

"Yamo humo unamopiga."

"Kama yamo, mbona gari limekufa?"

"Mimi ni dereva, Mzee Nuur. Iulize pampu."

"Pampu ni mpya. Wa zamani hapa ni wewe."

Mimi wakati huo nilikuwa kijana aliyemaliza shule, nikisafiri nao kwa kazi ya kuwakabidhi wenye maduka mizigo yao. Nilimwona Dubow akivunja kijiti cha mgunga, akakitumbukiza tangini, akakitoa kimelowa dizeli hadi katikati. Alikinyoosha tu mbele ya uso wa Adeer. Na Adeer, mtu aliyeswali swala zake zote kwa wakati, alikitazama kile kijiti kisha akasema jambo ambalo sijamsikia mtu mzima akilisema kwa wepesi kama ule.

"Basi umeuza mafuta, na pengo ukalijaza maji."

Huenda hujui neno hilo lina uzito gani katika barabara zetu, nami sikulaumu, kwa kuwa siku hizi mnatupiana maneno kwenye simu kama watoto wanaotupiana mchanga. Dereva wa lori wa Garissa hana shahada ukutani. Ana jina lake tu. Mwenye duka wa Eldas humkabidhi mzigo asiouona kwa siku kadhaa kwa sababu ya jina hilo. Mama humpakiza bintiye anayekwenda kwa shangazi yake katika lori la mtu huyo, naye akarudi nyumbani kulala usingizi. Dubow alikuwa ameujenga uaminifu huo tangu mimi sijajua kusoma. Akiitwa mwizi wa mafuta, asingepata usukani mwingine kutoka Garissa hadi mpaka wa Mandera. Alilijua hilo, na Adeer alilijua pia.

Sasa nikueleze chanzo chake, nawe univumilie, kwa sababu kila nikikifikiria kichwa huniuma. Adeer aliamini kwamba mafuta yakilala tangini yataibwa. Hakuna aliyewahi kumwibia. Alisikia tu kwamba mtu fulani mahali fulani alinyonyewa mafuta kwa mpira. Basi kila jioni lori likirudi nyumbani, aliifungua koki ya chini ya tangi kwa mkono wake mwenyewe, akayamimina mafuta katika mitungi ya plastiki na kuifungia chumbani kwake, karibu na kitanda. Asubuhi aliyarudisha kiasi alichokadiria kuwa kinatosha safari, hakuzidisha hata kidogo. Dubow alianza kila safari yake kwa kulala kifudifudi juu ya injini, akiitoa hewa iliyoingia katika mabomba, huku akinung'unika.

Hivyo tangi lile lilikaa tupu usiku kucha, msimu baada ya msimu, tena mjini Garissa, ambako hewa ya alfajiri karibu na mto hulowesha hata shuka lililoanikwa. Chuma kitupu chenye unyevu hufanya nini? Hata mtoto wa shule ya msingi angekujibu. Watu wazima ndio tulioshindwa.

Pampu ya kwanza ilikufa mwanzoni mwa kiangazi. Ni kidude kidogo tu, kazi yake ni kuvuta mafuta kutoka tangini na kuyapeleka kwenye injini, lakini kikifa lori zima ni banda la mbuzi. Fundi Musyoka, Mkamba aliyekuwa na gereji karibu na soko la mifugo, alifunga nyingine, na lori likaenda vizuri kwa majuma machache. Kisha nayo ikafa. Alipokuja kufunga ya tatu, aliipindua ile ya zamani kiganjani, uchafu wa rangi ya chai ukamwagika.

"Mzee, hii ni kutu," alisema. "Tuteremshe tangi tuangalie."

"Tangi lina injini?"

"Halina."

"Linazunguka?"

"Halizunguki."

"Basi tangi ni sanduku. Sanduku haliharibiki. Funga pampu."

"Haya, mzee. Mimi pampu ninazo nyingi." Naye Musyoka aliifunga huku akipiga mluzi. Usidhani alikuwa mtakatifu. Mteja anayerudi kila mara kununua kitu kile kile humfurahisha fundi yeyote, na huyu hakusumbuka kulisema jambo lile mara ya pili.

Pampu hiyo ya tatu ndiyo iliyotulaza Habaswein. Tulivutwa na lori jingine hadi Garissa, na Adeer hakwenda gereji. Alikwenda moja kwa moja hotelini, pale wafanyabiashara wa mifugo wanapokunywa chai ya maziwa ya ngamia, akaketi katikati yao, na kwa sauti aliyoitumia kunadi mbuzi akawaeleza kwamba dereva wake anauza dizeli njiani na kujaza maji. Kabla vikombe havijapoa, habari ilikuwa imepanda magari ya kwenda Wajir.

Dubow aliletwa mbele ya wazee baada ya swala ya Ijumaa. Adeer alitaka aapishwe kwa Msahafu kwamba hakuiba. Hilo kwetu si jambo la kuchezea. Mtu akiapa hakuna anayemhoji tena, na akikataa kuapa amejihukumu mwenyewe. Sote tulimtazama Dubow. Alivua kofia yake, akajifuta kipaji cha uso, akaivaa tena.

"Nitaapa," alisema. "Sina hofu ya kuapa. Ila nina swali moja kwenu, wazee wangu. Mungu anaitwa shahidi katika jambo ambalo macho hayalifikii. Ninyi mnataka kumwita shahidi katika jambo lililofungwa kwa nati nne. Je, hii ni adabu? Lifungueni tangi kwanza. Mkikosa jibu humo, leteni Msahafu, nami nipo."

Mzee Gedi, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na mzito wa kusema, alikuna ndevu zake nyekundu za hina.

"Wallahi huyu amesema kweli," alisema. "Nuur, una spana?"

Ndivyo wazee wa msikiti walivyoandamana hadi gerejini wakiwa na vikoi vyao safi vya Ijumaa, wakasimama kulizunguka lori kama watu wanaosubiri ngamia azae. Dubow aliagizwa asimame mbali, mikono nyuma, asije akaambiwa amegusa kitu. Alitii. Musyoka alilegeza mikanda ya tangi, akaliteremsha, akalitikisa. Lililia kama debe la mawe.

"Maji hayalii hivyo," Mzee Gedi alisema.

Walilipindua juu ya karai. Kwanza ilitoka dizeli, nyeusi kidogo. Kisha matope mekundu, mazito kama uji. Mwisho yakaanguka magamba ya chuma, mapana, mengine makubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Musyoka aliingiza kidole katika tundu la koki, na kidole kikatokeza mahali ambapo hapakuwa na tundu. Tangi lilikuwa limelika hadi limebaki rangi.

"Kitu gani kimelila hivi?" Mzee Gedi aliuliza.

"Kukaa tupu, mzee wangu. Tangi likikaa tupu linatoa jasho ndani."

"Nani analiacha tupu?"

Adeer alikuwa akiichunguza kamba ya kiatu chake.

"Nuur, nakuuliza wewe. Nani analiacha tupu?"

"Mimi huyatoa mafuta jioni," Adeer alisema polepole. "Kwa usalama."

"Unayaweka wapi?"

"Kwenye mitungi."

"Mitungi ya nini?"

"Mitungi tu."

"Nuur."

"Ile ya maji ya nyumbani," alisema. "Huoshwa kwanza kwa maji."

Mzee Gedi aligeuka kuwatazama wenzake, akasema, bila kupandisha sauti, "Sasa tumwapishe nani?"

Wengine walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwona Dubow kule mbali. Yeye hakucheka.

Kazi ya chuma ilimalizika kwa urahisi unaoudhi. Musyoka alipata tangi zima katika lori lililopinduka na kuachwa nyuma ya gereji, akalisafisha kwa kulitilia kokoto na sabuni na kulibingirisha uwanjani hadi maji yalipotoka meupe. Akapuliza mabomba, akabadilisha filta, akafunga pampu mpya. Adeer aliamriwa na wazee alijaze tangi hadi mdomoni na aliache hivyo hivyo usiku. Pampu hiyo ilidumu hadi lori lenyewe lilipouzwa. Ilikuwa asubuhi moja ya kazi, mwanangu. Asubuhi moja, ambayo ingewezekana tangu mwanzo wa kiangazi.

Kazi ya pili ndiyo iliyotushinda. Adeer alikwenda nyumbani kwa Dubow, nami nikiwa naye, akaomba radhi. Dubow alitukaribisha, akatupa chai, akasikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," alisema. "Lakini hukuniita mwizi nyumbani kwangu. Uliniita pale hotelini, watu wakinywa chai. Nenda ukanisafishe pale pale, kwa sauti ile ile."

"Nitakwenda."

"Kwa sauti ile ile, Nuur."

Adeer alikwenda. Nitamtendea haki, alikwenda. Lakini alichagua saa ambayo hoteli ina watu wachache, akaketi pembeni, na kuwaambia watu wawili waliokuwa karibu, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba "ile habari ya mafuta ilikuwa na kasoro kidogo." Kisha akabadilisha mazungumzo akauliza bei ya ng'ombe. Nilikaa pale nikingoja aendelee, na hakuendelea. Ile sauti ya kunadia mbuzi sijui alikuwa ameiacha wapi.

Dubow hakurudi katika lori letu, na hakuna mwingine aliyempa lake. Alikuwa na tangi lililotoboka kama ushahidi, na wazee wa msikiti mzima kama mashahidi, lakini mwenye duka wa Eldas hakuwapo gerejini. Yeye alisikia nusu ya kwanza tu. Miaka michache baadaye nilimkuta Dubow sokoni Ifo akishusha magunia mgongoni mwake. Alinisalimia kwa furaha, akamuulizia Adeer afya yake, akarudi kwenye gunia.

Ungedhani yameishia hapo. Juzi nilikuwa Eldas kwa shughuli ya arusi, na kijana mmoja mwenye lori alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kisa cha dereva wa zamani aliyeuza dizeli na kujaza maji. Alilitaja jina la Dubow. Kijana huyo hakuwa amezaliwa siku tuliyolala Habaswein. Nilimkatiza, nikamweleza yote, kutu, mitungi, wazee na karai. Alinisikiliza kwa heshima, kisha, akiniita kama vijana wetu wanavyomwita kila mzee, akasema, "Sawa, Adeer, lakini watu ndivyo wanavyosema." Na kabla sijaondoka nikamsikia akilalamika kwamba lori lake limekula pampu mbili mwaka huu, na kwamba anamshuku dereva wake.

Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana nimeandika kwa ukali. Nimesoma vitabu vya maadili kiasi cha kujaza kabati, na sijakuta humo dhambi inayonichosha kama hii ya kutuhumu kwanza na kuchunguza baadaye. Mwanangu, jambo linapoharibika mkononi mwako, chunguza kwanza kile ambacho wewe mwenyewe hukigusa na kukifunga kila siku. Usibadilishe kidude kile kile mara tatu na kukwepa kukitazama kinachokiua. Usimwapishe mtu kwa jambo unaloweza kuliona ukiinama. Ukiwa na shaka na mtu, mwite faraghani, mtazamane, umuulize. Na ikitokea umemchafua mwenzako mbele ya watu, ukagundua umekosea, usiende kunong'ona pembeni. Simama mahali pale pale, pandisha sauti kuliko ulivyoipandisha siku ile, kisha ipande barabara uifuate habari hiyo kila kituo ilikoshukia, Habaswein, Wajir, hadi Eldas, hata ikikugharimu msimu mzima. Ukishindwa, wajukuu wa watu watacheka kwa jina la mtu aliyekuwa mwaminifu kukuzidi.

Mungu akupe macho yanayotangulia ulimi wako. Akujaalie wafanyakazi wema, na moyo wa kuwatambua wangali mlangoni kwako. Akufikishe salama kila uendako, na jina lako, na la kila uliyemtaja, alifikishe pamoja nawe likiwa safi. Amin.