Kiganja cha Nyongeza

Kwenye karatasi ninazopeleka nikitafuta kazi nimeandika kwamba nina ujuzi wa kuhudumia wateja. Wakiniuliza niliupata wapi, nasema dukani, Laare, ile likizo ndefu ya baada ya Fomu Foo. Wanatikisa kichwa na kupita kwa swali lingine. Ni sawa. Nikianza kuwaeleza nilichofunzwa kule nitalia mbele ya watu wenye suti, na kazi yenyewe nitaikosa.

Duka lilikuwa la nafaka. Laare mashamba karibu yote ni miraa, kwa hivyo mahindi na maharagwe watu wananunua, tena kila siku. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu, mjane, mzaliwa wa mji huohuo. Alimfahamu marehemu mama yangu, aliyekuwa akimletea magunia ya ndengu kutoka kwetu Mbeere. Mama alifariki nikiwa bado shuleni. Ndugu zangu wako Nairobi na mambo yao. Nyumba yetu ilibaki na kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi, shingoni, kama mbuzi na kengele yake.

Yule mama hakunificha kitu. Alisema atanijaribu kwanza. Wateja wakinizoea, nitakaa kwake mpaka chuo kifunguliwe. Wakinikataa, itabidi amchukue mtoto wa dada yake. Nikasema sawa, mama. Moyoni nilijua kwamba nikikataliwa narudi kwa ile kufuli, na sikuwa na pengine.

Na kweli walinikataa. Kwanza mimi ni mtu wa Mbeere, kwetu tunalima muguka, ile ya kutafuna majani, na kwa mtu wa miraa muguka ni chakula cha mbuzi. Wapakiaji wa miraa waliokuja kununua njugu walinitania kwa hilo kutwa nzima. Utani sikuujali. Nilichojali ni kwamba waliongea Kimeru wao kwa wao, wakacheka, kisha wakanigeukia mimi kwa Kiswahili: pima hapo, funga. Kiswahili kikavu, kama niko kaunta ya polisi. Jioni, pikapu za miraa zikishaondoka na fujo zao, nilikuwa naketi kwenye kiti cha plastiki nikigundua kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyeniuliza kitu kisichohusu maharagwe.

Halafu kulikuwa na shosho mmoja, bibi mzee wa hapo mjini. Alikuja kila siku kununua maharagwe ya chungu kimoja. Akinikuta peke yangu, mwenye duka ameenda kuswali, hakubali nimpimie. Anaketi juu ya gunia na kuangalia barabara mpaka mwenyewe arudi. Na mimi nimesimama pale, kopo mkononi, mzima wa afya. Haki, hiyo iliniuma kuliko matusi.

Siku moja nikamuuliza mwenye duka, kwani hawa watu nimewakosea nini? Akasema wanalalamika kwamba napima kwa uchoyo, na wengine wameanza kununua duka la ng'ambo ya barabara. Uchoyo! Nilikasirika sana. Mimi nilipima vile mama yangu alinifunza: unajaza gorogoro, lile kopo la kupimia, unaitikisa mpaka nafaka ishuke na kushikana, unajaza tena, kisha unapitisha kijiti juu pawe sawa. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anamwaga tu ovyo na kuacha kilima juu, na chini kumejaa hewa. Nikapima mbele ya mwenye duka, gorogoro yangu na ile ya mtindo wa jirani, nikazimwaga kando kando kwenye sinia aone mwenyewe kubwa ni ipi.

Hakubisha. Alisema mama yangu alikuwa akiwauzia wenye maduka, na mwenye duka anataka kipimo kilichotikiswa. Mtu wa chungu kimoja anataka kuona.

"Wewe unawapa ndani, mwanangu," akaniambia. "Wape juu."

Akanifunza upya kama mtoto. Usitikise. Acha kilima. Mimina kwenye mfuko, na kabla ya kufunga rudisha mkono kwenye gunia, uongeze kiganja kimoja. Nyongeza haipimwi, na hairushwi kama unalisha kuku. Wakati wa kuongeza usiangalie maharagwe, mwangalie mtu.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimezoea kuangalia chini tangu mazishi. Lakini Ijumaa iliyofuata, mwenye duka akiwa msikitini, shosho alikuja akaketi kwenye gunia lake. Nikapima bila kuulizwa. Nikaacha kilima, nikamimina, nikarudisha mkono, nikaongeza huku nikimtazama usoni. Alikuwa na jicho moja lenye ukungu. Alichukua mfuko akaenda zake, na kesho yake alinyoosha mkono moja kwa moja kwangu.

Ndipo nikamkumbuka mama akipakua chakula. Sahani yangu ikishajaa, alikuwa anarudi na kijiko kimoja zaidi juu. Nilikuwa nikinung'unika kwamba nimeshiba. Sikujua kile kijiko ni nini.

Mambo mengine nilijifunza kwa pua na kwa mdomo: kunusa mahindi yaliyopata unyevu, kung'ata harage kujua kama ni la zamani, kuuliza habari za nyumbani na kungoja jibu. Watu wakarudi dukani. Asubuhi moja shosho akanisalimu kwa Kimeru, "Muuga," kama anavyosalimu wengine, nikajibu "Muuga." Tangu hapo akawa ananipigia hadithi za Kimeru, ambazo nusu sikuzielewa. Mwenye duka akaacha kutaja habari ya mtoto wa dada yake.

Nilikaa mpaka barua ya chuo ikaja. Siku ya mwisho nikampimia shosho kama kawaida, nikamwongezea. Hakuondoka. Aliufungua ule mfuko, akatia mkono, akatoa kiganja cha maharagwe yaleyale, akanimiminia mkononi. Kisha akasema kwa Kiswahili, chake cha shida shida, ili nisikose hata neno moja.

"Na wewe, ni nani anakuongezea?"

Mwenye duka, aliyekuwa akishona gunia nyuma yangu, akaacha kushona. Shosho aliuona uso wangu, akanifunga vidole juu ya yale maharagwe, akaenda.

Nilipita nyumbani Mbeere kuchukua blanketi kabla ya chuo. Kufuli ilikuwa imeshika kutu, nikahangaika nayo. Nikawasha moto, nikachemsha kile kiganja kwenye sufuria ndogo ya mama mpaka kikaiva. Nikapakua kwenye sahani yangu, nikabakisha kidogo. Kisha nikarudi kwenye sufuria, nikajiongezea kijiko kimoja juu.