Kifua Alichokiona Mama Mkwe

Kifua cha mume wangu kilianza kuota baada ya Pasaka, nyuma ya nyumba yetu ya kupanga pale mtaani Amalemba, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Alichukua mikebe miwili ya rangi, akaijaza saruji, akapitisha bomba la chuma katikati, akawa anainua kila jioni akitoka kazini. Alipumua kwa kelele kiasi kwamba kuku wa jirani waliacha kutaga upande wetu.

Kwa kifua chenyewe sikuwa na neno. Neno langu lilikuwa presha. Baba yake alianguka shambani akipalilia mahindi, mtu wa miraba minne ambaye hakuwahi kulazwa hospitalini, na waliokuja matangani wote waliimba wimbo mmoja: lakini alikuwa na afya. Kaka yake mkubwa naye anameza dawa. Basi nikamwomba mume wangu akapimwe. Nikaomba tena, nikanuna, nikachoka kununa, nikaomba. Kila mara alikunja mkono, msuli ukapanda kama muhogo, akaniambia niubonyeze.

"Mama watoto, mgonjwa anakuwanga na mkono kama huu?"

"Presha haikai mkononi," nikamjibu.

"Na mbona wanapimanga kwa mkono?"

Nikachukua beseni langu nikaenda kuanua nguo.

Mbaya zaidi, aliacha kula mrenda. Mtu mmoja wa ofisini kwao alimweleza kwamba mboga inayoteleza hivyo haiwezi kushikilia msuli, na mume wangu, mtu aliyesoma, akaamini. Akawa anakula mayai ya kuchemsha, kila yai na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Siku moja nilimpelekea funguo alizosahau, nikamkuta katikati ya ngazi za ofisini amesimama anahema, ati anasoma simu. Simu ilikuwa imezima. Nilimpa funguo zake nikaondoka, maana mtu mzima havuliwi nguo mchana, na sikujua kwamba siku ya kumvua ilikuwa inakuja.

Likizo ya Agosti tulienda kwetu Malinya, ambako baba yangu alikuwa anampeleka fahali wake uwanjani kupigana. Fahali mwenyewe hakuwa wa kutazamwa. Mbavu zilionekana, sikio moja lilichanika zamani, na mkia ulikuwa umebaki nywele chache. Lakini fahali kwetu hapelekwi kimya. Alfajiri watu humsindikiza wakikimbia, ngoma za isukuti zinalia, filimbi zinalia, wanawake mbele na majani mikononi, vilima vyote hadi uwanjani. Anayeshika kamba ndiye uso wa boma siku hiyo. Baba alimtazama mume wangu akiwa ndani ya tisheti iliyombana kama ngozi ya soseji, akaamua palepale.

"Huyu mkwe ako na mwili," alisema. "Atashika kamba."

Kuna jambo moja la kwetu lazima nilieleze hapa. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja huingia kwenye majani. Na mwili wa mkwe, mama haruhusiwi kuuona kabisa. Kifungo kimoja cha shati kikifunguka, mama hugeukia ukuta. Likitokea la kutokea, mkwe hutozwa faini, kuku au blanketi, ndipo watazamane tena kwa mbali kwa heshima.

Kwa hiyo mama yangu alikimbia mbele na wanawake, mume wangu katikati na fahali, mimi nyuma yake. Mama ni mnene. Akiinuka kitini magoti yake hulia kama mlango mbovu. Lakini maisha yake yote amelima, amepanda na kushuka mtoni na mtungi, na asubuhi ile alikimbia akiimba, ubeti baada ya ubeti, hata pumzi ya kututukana sisi wa nyuma ilibaki.

Kilima cha kwanza mume wangu aliimba pia. Cha pili akawa anafungua mdomo tu. Baada ya hapo haikujulikana nani anamwongoza nani, fahali akimburuta kama gunia la mahindi, na yeye bado ametoa kifua mbele kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kisha kamba ikamtoka mkononi, akakaa kwenye nyasi. Uso ulikuwa wa majivu. Alisema neno moja tu, kwamba kifua kinambana.

Niliogopa vibaya sana. Nilimwona baba yake kwenye mahindi. Nikashika ile tisheti nikaivuta juu kwa nguvu zangu zote ili apate hewa, ikanasa kichwani, mikono yake ikabaki juu, uso umefunikwa, na kifua chote kimeanikwa kwa jua la Malinya. Ndipo mama yangu alipotokea, amerudi kuuliza kinachochelewesha.

"Huyu ni nani?" akauliza, maana uso haukuonekana.

"Ni mkwe wako," mpiga ngoma akamjibu.

Isukuti zilinyamaza. Mama aligeuka nyuma kama aliyeguswa na moto, akafungua leso yake kiunoni, akairusha kupitia begani bila kutazama. Ilimwangukia mzee wa filimbi. Ikarushwa tena, na hatimaye ikamfikia mwenyewe. Tangu Pasaka mume wangu alikijenga kile kifua kionekane, na aliyekuja kukiona chote alikuwa yule mmoja duniani asiyeruhusiwa.

Mama alizungumza akiwa ametupa mgongo. "Msichana wangu, huyo mtu anapumua?"

"Anapumua, Mama."

"Basi mwambie kuku yake sitaki. Blanketi pia sitaki. Faini yangu ni aende apimwe hiyo presha umekuwanga ukinililia kwa simu. Asipoenda, haya macho yangu itakaa na hiyo kitu imeona mpaka nikufe."

Fahali wetu alifika uwanjani na mtu mwingine. Mpinzani wake alikuwa mweusi, mnono, anang'aa, na baada ya kusukumana kidogo ndiye aliyetoroka kupitia kwenye mahindi ya watu.

Jumatatu tulikuwa kliniki. Sista alimfunga kile kitambaa cha kupimia, kikafumuka, mkono ulikuwa mkubwa mno. Mume wangu alinitazama akatabasamu. Sista akatoa kingine kikubwa kabatini, akapima. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili, kisha akamuuliza kama amekuja na mtu. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alipewa dawa, akakatazwa chumvi, akaambiwa saruji ipumzike na miguu itembee. Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole, na karibu na lango letu ndipo alipozungumza.

"Baba pia walimwambia ako na mwili."

Nilimshika mkono. Sikuubonyeza.

Wiki mbili baadaye mama alikuja kututembelea na furushi la mrenda. Alikaa jikoni, mume wangu sebuleni, pazia kati yao, na mimi mlangoni nikiwa simu ya kupitisha maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia.

"Mwulize kama amekula mrenda."

"Mwambie Mama nimekula."

"Amekula, Mama."

"Na dawa?"

"Mwambie nimemeza."

"Amemeza."

Mama aliacha kuchambua mboga. "Mimi sijasikia maji."

Nilichungulia sebuleni. Kidonge kilikuwa bado kiganjani. Mume wangu alinitazama, akakitupia mdomoni, akainua glasi akainywa yote kwa kelele, ile kelele yake ya mikebe ya saruji, hadi tone la mwisho.

"Sasa nimesikia," mama akasema nyuma ya pazia, akaendelea kuchambua mboga.