Mawe Nyuma ya Depo ya Kahawa

Paka hawahesabiki. Nasema hivyo mimi niliyehesabu magunia ya kahawa Bunia miaka yote ile ya themanini, asubuhi yakiingia na jioni yakilala, kila mara nikirudia, kwa sababu hesabu ya kwanza ni ya macho na ya pili ndiyo ya akili. Gunia hukaa ulipoliweka. Paka ukimhesabu anakutazama, anahama, kisha anakuja kuhesabiwa tena upande wa pili kana kwamba hamjawahi kuonana. Mara ya kwanza nilipata saba, ya pili tisa. Nikasema nane, tukaelewana hapo.

Walikaa nyuma ya depo, katika nyasi ndefu zilizokuwa kati ya ukuta na mtaro wa maji ya mvua. Hawakuwa wa mtu. Ndani hatukuwaruhusu, maana kahawa hunywa harufu ya jirani yake, na sijaona mnunuzi wa kahawa yenye mkojo wa paka. Lakini huko nje walifanya kazi. Depo ya jirani ilikuwa na maharagwe na haikuwa na paka, na karani mwenzangu wa kule alibaki kupima matundu ya panya. Kwangu gunia lililoingia na kilo zake lilitoka nazo. Nilikuwa nikisema nawapenda kwa sababu hiyo tu. Mtu wa biashara haonyeshi anachokipenda. Ukionyesha, bei inapanda.

Msimu mmoja wa mvua, paka jike mwenye madoadoa alizaa kando kabisa ya mtaro. Mvua moja kubwa ingewabeba watoto wote. Nikakusanya mawe yaliyobaki wakati wa kujenga ukuta, nikayapanga kuufuata mtaro, urefu kama wa kitanda, na mengine nikayaegesha juu wapate paa. Haikuwa kazi ya fundi. Maji yalipita kwingine, basi.

Ikaja Jumamosi ya salongo. Kwa asiyezikumbuka siku zile za Zaire: kila Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulitoka kufanya usafi, kwa amri, na shefu wa karitye, mkuu wa mtaa, akapita kuangalia nani ameshika jembe na nani ameshika kiuno. Safari hiyo alileta kundi zima nyuma ya depo, na mapanga yao ya kukatia majani. Nyasi zote zilale, alisema, zinaficha nyoka. Mimi nilijua zinaficha nini. Zikilala, mbwa wa sokoni wangewamaliza wale watoto kabla ya saa sita, na wakubwa wangeishia katika masufuria ya watu fulani ambao siwalaumu, nyama ni nyama.

Nilikuwa bado natafuta la kusema, mtu wa mbele, fundi wa baiskeli, akasimama ghafla na panga lake juu.

"Shefu! Kuna mutu hapa."

"Mutu gani?"

"Mutu ya kulala. Angalia mawe."

Wakasogea. Mmoja akavua kofia, kisha wakavua wote waliokuwa nazo. Shefu akanigeukia, akaniita raia kwa Kifaransa kama amri ya wakati ule ilivyotaka.

"Sitwaye, hii kaburi ni ya nani?"

"Shefu, miye nilipoanza kazi hapa nilikuta nyasi tu."

Na ilikuwa kweli. Muuzaji akikupunguzia bei kabla hujaomba, funga mdomo wako. Wakarudi nyuma polepole, wakakata kwingine kote, wakakiacha kile kipande kama kilivyo. Shefu alipoondoka alikanyaga kwa ncha za viatu, na yeye hakuwa mtu wa kukanyaga hivyo.

Tangu siku ile hakuna aliyewagusa paka wetu. Nani atamla paka anayelala juu ya marehemu? Hata mbwa walifukuzwa kwa mawe wakikaribia, na waliowafukuza ni walewale wa masufuria. Nilifurahi. Nilidhani biashara imeisha.

Sikumweka katika hesabu yule mama.

Alikuwa mmoja wa wamama wa kuchagua kahawa, waliokaa chini barazani wakitenga punje nzima na zilizooza. Alitoka upande wa Mahagi, na alinizidi umri vya kutosha kuniita "mwana" mbele ya patro, mwenye depo. Mtoto wake mmoja tu, wa kiume, alikwenda Mongbwalu wakati kila mtu alipokwenda, uchimbaji wa zahabu ulipofunguliwa kwa watu wote. Wengine walirudi na redio, wengine na kikohozi. Wake hakurudi, wala hakutuma neno.

Asubuhi moja nikamkuta kule nyuma anafagia mawe yangu. Kesho yake akaja kuniomba panga.

"Ya nini, mama?"

"Kaburi iko mu nyasi kama nyumba ya muchawi. Siye tuko watu gani? Nataka kukata yote, ikuwe safi."

"Yote?"

"Weye unalala mu nyasi?"

"Kata pembeni tu, mama."

"Pembeni! Nani ananyolewa nusu ya kichwa?"

"Basi robo tatu. Katikati uache. Paka iko na watoto mule."

Akanitazama vile wauzaji walivyokuwa wakiitazama mizani yangu.

"Aa. Kumbe huyu hahurumie mufu. Anahurumia paka."

"Nahurumia wote, mama."

"Muongo. Leta panga."

Alikata pembeni. Katikati aliacha, na akaanza kuwaletea vichwa vya samaki wa chumvi vilivyobaki kwake. Mfu asiye na ndugu, alisema, ana bahati akipata watu wa kukaa naye. Watu wenyewe ni paka. Akifika asubuhi walimpokea mikia juu, na akawatukana mmoja mmoja, walafi, wavivu, watoto wa barabara, kwa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu akibarikiwa nayo kanisani.

Halafu patro akataka uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa, na mahali alipopachagua ni pale. Alikuwa mtu wa dini, hakutaka kumwaga saruji juu ya mtu. Akaamua marehemu ahamishwe: aitwe katekista, mifupa itolewe kwa utaratibu, ipelekwe makaburini. Wangechimba wasikute mtu. Wangekuta paka, kisha wangenitafuta mimi, na nyasi zingelala siku hiyohiyo.

Nikaanza kazi ninayoijua.

"Patro, kuhamisha mufu kunaomba mbuzi."

"Kuku inatosha."

"Na sanda mupya."

"Gunia safi. Si alikuwa anakaa na depo?"

"Na ndugu zake wakitokea kudai?"

"Wangekuwa wameshatokea."

Kila nilipopandisha, alishusha. Alikuwa ameanza biashara kabla sijaota ndevu. Mwisho akasema, "Iko mama anafagia pale kila asubuhi. Yeye njo ndugu yake. Mwite, aseme yeye."

Akaja akijipangusa vumbi la kahawa mikononi. Nilisimama karibu na mizani nikahesabu njia zilizokuwepo. Akisema marehemu ni wake, jembe linaingia ili apewe mtoto wake, na chini hakuna mtoto. Akisema si wake, jembe linaingia vilevile.

"Mama," patro akauliza, na aliuliza kwa upole, "ule mutu ni wa kwako?"

"Hapana, patro. Wa kwangu iko Mongbwalu."

"Sasa unafagia sababu gani?"

Akachagua maneno kama mtu mwenye punje kiganjani.

"Wa kwangu, sijue kama iko juu ya udongo ao chini. Kama iko chini, miye siko kule ya kumufagilia. Njo maana nafagilia huyu wa wenyewe. Na kule, mama moja anafagilia wa kwangu. Tulipatana vile, miye na ule mama, hata hatujaonana. Sasa ukimutoa huyu, patro, miye ndiye navunja mapatano. Na yeye atavunja."

Nilikuwa nimemwona patro akibishana na madereva, na wanunuzi, na askari wa kizuizi cha barabarani. Wote aliwarudishia bei. Safari hii alitia mikono mifukoni, akatazama nje.

"Saruji iende upande wa barabara," akasema. "Kule jua ni kali kupita hapa."

Haikuwa kweli. Upande wa barabara ulikuwa na mikaratusi, na mpaka depo inafungwa tulikuwa tukiokota majani yake ndani ya kahawa, na patro mwenyewe akiinama kuokota.

Jioni hiyo nilimfuata mama kule nyuma. Nilitaka kumwambia.

"Mama, ile mawe..."

"Weye hesabu magunia," akasema bila kugeuka. "Ya huku nahesabu miye."

Baadaye bei ya kahawa ilianguka, depo ikafungwa, nami nikapata lori la kurudi kwetu Butembo. Yeye alibaki. Asubuhi ya kuondoka nilipitia nyuma. Nyasi zilikuwa zimekatwa pembeni, mawe yamefagiliwa, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameenda mtoni, na dereva hangoji mtu anayeaga mawe.

Madereva wanaotoka Bunia hunipa habari za mji, nani kajenga, nani kahama. Mimi nauliza ukuta mmoja na mtaro mmoja, na hakuna anayeujua. Ningelipa bei ya kwanza, bila kuomba kupunguziwa, nisikie tena ule ufagio asubuhi na mapema, wakati ukungu bado uko chini, na yule mama akinung'unika kwamba walafi wake wamelala palepale anapotaka kufagia, halafu ufagio ukisita, ukiwazunguka.