Mkate Niliomkataza Binti Yangu

Kule Kongo, Kivu ya Kusini, nilikuwa mwalimu wa kemia. Hapa Uganda, mjini Mbarara, nikawa mama wa kupima unga katika kiwanda kidogo cha mikate. Siku sita hulala mjini, Jumapili hurudi Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kumwona binti yangu.

Pamoja na chachu na sukari, tulitia ungaunga mweupe kutoka kwenye kopo lisilo na jina. Wote tuliuita dawa. Siku moja likaja kopo jipya ambalo karatasi yake haikuwa imebanduliwa. Nikasoma: bromati ya potasiamu. Niliwahi kuiandika ubaoni. Hukaza unga uliokandwa na kuinua mkate, lakini ikizidi kipimo, au mkate usipoiva sawasawa, hubaki ndani, na inashukiwa kuleta kansa. Sisi tuliipima kwa kukisia, na tanuri letu halikushika moto upande mmoja.

Kesho yake sikuitia. Mikate ikatoka mifupi, mizito. Tajiri, mwenye kiwanda, akaja na mmoja mkononi.

“Mama, mkate iko ndogo. Dawa uliweka?”

“Hapana, bosi. Ile inaweza kuleta kansa. Nchi nyingi zimeikataza.”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. “Watu wanakula hii mkate miaka mingi. Nani amekufa? Weka, ama toka. Wamama wako wengi huko Nakivale.”

Nikaweka.

Wiki hiyo nilipanda kilima cha Kamukuzi, kwenye ofisi ya serikali, kutoa taarifa. Karani alinikaribisha vizuri, akafungua daftari. “Jina la kiwanda? Na lako?” Tulikuwa wafanyakazi wanne tu, tajiri angenijua mara moja. Nikasema nimekosea mlango.

Jumapili, baada ya ibada, mikate ya kiwanda chetu ilikuwa mezani kanisani. Binti yangu akashika kipande.

“Usikule ile,” nikamwambia.

“Mama, si ni mukate ya fasi unatumikaka, ya kiwanda yenu?”

Wamama wakageuka. “Iko na shida gani?” mmoja akauliza.

“Jino linamuuma,” nikasema.

Binti yangu alinitazama, kwa maana jino halikuwa likimuuma. Akarudisha kipande sahanini. Wengine wakaendelea kula.

Mpaka leo niko palepale. Mikate naiacha tanurini muda zaidi, nikigeuza trei kuelekea upande wenye moto, na tajiri hunigombeza kwa maganda yaliyoungua.