Kaseti ya unyago ya marehemu mama: niliiingiza kwenye kompyuta bila kuisikia

Wakuu, salaam kwenu wote, na shikamooni mlionizidi umri.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Leo naweka langu. Limenipata mwenyewe, kwetu Makote, Newala, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni wa kwanza kwa wazazi wangu. Walipofariki, baba kisha mama, niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu. Wa mwisho, Somoe, alikuwa bado ananyonya. Nikajifunza kutengeneza redio, na redio ndizo zilizotulisha.

Mama aliacha kaseti moja.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio kaseti zikajaa madukani, baba aliuza korosho akanunua moja. Kina mama wakaiazima wakarekodi nyimbo zao za unyago. Mama ndiye aliyekuwa anaongoza.

Kwa wasio wa kwetu: nyimbo za ndani za unyago ni za wanawake waliochezwa, yaani waliokwisha kufundwa. Mwanaume hasikilizi, hata kama anayeimba ni mama yake.

Kwa hiyo nimeitunza miaka yote ndani ya kopo la maziwa, na sikuwahi kuipiga. Fundi redio mzima! Mtu atauliza, nani angejua? Ningejua mimi.

Somoe alipochezwa nikafungua kopo nimpe aisikie. Ukungu mtupu! Nikaona ikikatikia redioni ndiyo basi tena. Nikafunga kopo.

Miaka ikapita. Watu wa kata yetu, pamoja na ndugu zetu wa Lupaso kule Masasi, wakaanzisha kikundi cha kukusanya kaseti za ngoma na picha za zamani, vihifadhiwe kwenye kompyuta kabla havijaoza. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, na kazi ya kuunganisha waya nikapewa mimi.

Somoe akaja. "Kaka, na ya mama je?"

Mdogo wangu huyo hakuijua kabisa sauti ya mama yetu. Sisi wakubwa tulibaki nayo kidogo kichwani. Yeye hana kitu.

Tukaenda kwa Mama Zuhura, kungwi, rafiki wa marehemu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo kompyuta yenu ina masikio?"

"Haina, mama. Mwenye masikio ni mimi."

"Basi hayo yako ndiyo ninayoyaogopa."

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Tukakubaliana hivi: spika zizimwe, headphone avae Somoe, na yeye kungwi akae katikati yetu. Zikiisha, nyimbo apewe yeye, kwangu zifutwe.

Nilifungua kaseti, nikapangusa utepe taratibu kwa pamba na spiriti. Niliwaambia wazi kwamba itapita mara moja tu, haina nguvu ya kurudia.

Nikabonyeza.

Wakuu, kwenye skrini sauti inaonekana kama mstari unaopanda na kushuka. Mama akiimba, mstari unavimba. Wanawake wakiitikia, unajaa skrini nzima. Ndicho nilichopata mimi, kumtazama mama yangu akiimba.

Tulikubaliana Somoe anyooshe kidole gumba mambo yakiwa sawa. Alisahau kabisa. Machozi yanamtoka, mdomo wazi. Mimi jasho.

"Vipi? Imekatika?"

Mama Zuhura akamgonga goti. "We mtoto, nyoosha kidole, kaka yako atakufa hapa!"

Akanyoosha. Vyote viwili.

Utepe ulikatika kweli, lakini ukiwa umeshafika mwisho.

Nikahamishia kwenye flash, nikafuta kwangu wanaona. Mama Zuhura akaifunga flash kwenye pindo la khanga. Nikaanza kukusanya waya zangu.

Ndipo Somoe akamnong'oneza. Kungwi akafungua pindo, nikairudisha flash kwenye kompyuta, akavaa headphone mwenyewe, akasikiliza kipande, akafikiri sana.

"Hapa hawaimbi," akasema. "Hapa ni mtu na mwanawe. Hamisi, mkatie dada yako hapo anapokuonyesha."

Nikakata. Akanivisha headphone kwa mikono yake.

Kwanza vigelegele vinaisha. Kisha mama, kwa Kimakonde chake:

"Nani huyo nje?"

"Mimi. Nimeleta maji."

Ni mimi, wakuu. Sauti nyembamba. Maji kwetu uwandani tulikuwa tunayafuata bondeni, na siku hiyo siikumbuki hata kidogo.

"Weka ndoo hapo hapo, usisogee! Wadogo zako wamekula?"

"Bado."

"Sasa umesimama nini? Kawape!"

Wanawake wanacheka. Basi, kipande kimeisha.

Somoe akaniuliza, "Kaka, ulitupa?"

Nikamwambia niliwapa.

Nilichojifunza: ukitaka kuhifadhi mambo ya kwenu, anza kwa kuwauliza wenyewe nani aruhusiwe kusikia. Ukiheshimu mlango, wenyewe wanaweza kukufungulia dirisha. Na kaseti isikae kwenye kopo kama yangu, ukungu haungoji mtu.

Kipande hicho kiko kwenye simu yangu. Nyimbo ziko kwa kungwi, nami sijaziulizia.

Je, kwenu nani anashika kaseti za zamani? Na mngekuwa mimi, mngesikiliza? Karibuni, hata wa kunicheka.