Mchezo wa Tatu Hauna King'ora

Mume wangu ni mwendesha boila kiwandani. Ana michezo mitatu ya video, yote ya chombo kimoja cha angani, na ole wako umwambie inafanana, mtagombana.

"Wa kwanza ndio mchezo," husema. "King'ora kikilia, ujue hatari ipo kweli. Wa pili kinalia ovyo mpaka unakipuuza. Wa tatu hakuna king'ora. Kimya tu, halafu umekufa."

"Na huko kazini kwenu?" nilimuuliza jana, nimechoshwa na porojo zake.

Akacheka. "Sisi tuko kwenye mchezo wa pili, mama watoto. King'ora cha boila kilikuwa kinalia kutwa nzima bila sababu, tukakisokomezea kitambaa."

Nilimjia juu. Nikamwambia akifika kazini akitoe kitambaa hicho, la sivyo asinisemeshe tena.

Leo mchana nikampigia simu. "Umekitoa?"

"Tangu asubuhi. Haya, roho yako itulie."

"Mbona sikisikii kikilia?"

Nyuma yake boila ilikuwa ikinguruma.

"Kweli," akasema polepole. "Leo hakijalia hata mara moja."