Askari wa Bustani Siku ya Wanawake

Dobi wa Wadi Kabir amenirudishia shati la usaili. Nimelinusa mara tatu, na harufu ya wanga imenirudisha kwenye bustani ya Sib.

Nilikuwa mdogo, nimepotezana na mama, nalia. Askari wa bustani, mzee mwenye kaki iliyokauka kwa wanga, alinishika mkono akanifikisha langoni, alipokuwa mama akinitafuta. Kiganja chake kilikuwa baridi.

“Nani kakuleta?” mama aliuliza.

“Babu askari.”

“Mwanangu, leo siku ya wanawake. Wanaume hawaingii, hata askari.”

“Jua limempiga huyo,” walicheka askari watatu wa kike waliokuwa wakilinda lango.

Mara filimbi ikalia mitini. Wote watatu wakashika filimbi zao, zingali zimening'inia vifuani. Mama akanibeba, akakimbia, mkeka na chupa ya chai tukaviacha kule kule.